Hoteli za ufuo karibu na Wild Waters na Haller Park, Mombasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kuwatafutia watu vyumba Pwani ya Kaskazini, na kila likizo ya shule ikikaribia simu huingia kwa maswali yale yale. Nimeyaweka hapa yote. Hoteli ninazozungumzia ni zile za Nyali, Bamburi na Shanzu: paa za makuti, minazi uani, bwawa lenye baa pembeni, bahari ng'ambo ya ukuta. Sitataja hoteli moja moja, maana meneja akibadilika leo, kesho chakula nacho kimebadilika.

Tukae Nyali, Bamburi au Shanzu?

Wild Waters, yenye telezi na mabwawa ya michezo, iko Nyali, barabara ya Links. Mamba Village, kwenye mamba wengi kuliko unavyopenda, iko Nyali pia. Haller Park, msitu wenye wanyama, iko Bamburi, kando ya barabara kuu ya Malindi. Hakuna kati ya hizo iliyo mbali na nyingine, na matatu za Mtwapa zinapita barabara hiyo mchana kutwa, kwa hiyo popote utakapolala hutaumia.

Tofauti ni tabia ya mahali. Nyali ni karibu na mji, maduka na hospitali. Mwenye watoto wadogo namshauri aanzie hapo. Bamburi ina ufuo mrefu na watu wake, hasa upande wa ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao sote tunauita Pirates. Jumapili na sikukuu pale hapapitiki: maboya ya kukodi, ngamia, viazi karai, muziki kutoka kila upande. Wengine wanakuja Mombasa kwa ajili ya hayo hasa. Wengine wakiyasikia kutoka dirishani huomba wahamishwe chumba. Shanzu ni kimya zaidi.

Usilale Diani kama mpango wako ni Wild Waters. Diani ni pazuri, lakini kati yenu kuna kivuko cha Likoni, na foleni ya feri haijui kwamba watoto wako wamevaa nguo za kuogelea tangu saa mbili.

Tulipie chumba pamoja na milo yote?

Hili ndilo swali ambalo wengi hulijibu vibaya kabla hata ya kuniuliza, kwa sababu "milo yote" inasikika kama nafuu. Kwanza hesabu saa mtakazokuwa ndani ya hoteli. Siku ya Wild Waters mtaondoka baada ya kifungua kinywa na kurudi magharibi. Siku ya Haller Park huenda mkarudi saa nane, bufee ya mchana imeshafungwa. Siku ya kutembea Mji wa Kale na Fort Jesus mtakula huko huko. Katika likizo ya siku nne, hicho chakula cha mchana mlicholipia mtakila mara moja tu, siku ile ya kulala kando ya bwawa.

Kwa familia yenye mizunguko, nashauri kulala, kifungua kinywa na chakula cha jioni. Jioni watoto wamechoka, hakuna anayetaka kupanda tuktuk tena, na bufee ya usiku ndiyo hupikwa kwa moyo: samaki wa kuchoma, wali wa nazi, mpishi anayekaanga mbele yako. Mchana kula mtaani. Mbaazi za nazi na mahamri ya moto ya kibandani yana ladha ambayo bufee haijawahi kuifikia, kwa sababu hamri la hoteli limekaa chini ya taa tangu alfajiri.

Milo yote inafaa kwa watu wa aina mbili: mwenye mtoto mchanga asiyeweza kuzungushwa juani, na aliyekuja kulala tu. Wa pili simhukumu.

Na ule mpango wa bangili, kula na kunywa vyote ndani?

Unawafaa wanaokunywa pombe sana. Kama nyumba yenu hunywa soda na maji, achana nao.

Bei niliyoiona kwenye tangazo ndiyo nitakayolipa?

Mara nyingi siyo. Kuna mambo matatu ya kuuliza kabla ya kufurahi.

Moja, bei ni ya chumba au ya mtu mmoja anayechangia chumba? Matangazo mengi ya hoteli za ufuo huandika bei ya mtu mmoja, kwa herufi kubwa, na maelezo yake kwa herufi za mchwa. Pili, ushuru umo? VAT ni asilimia 16, na kwa chumba cha usiku kadhaa hiyo ni pesa ya matembezi ya siku nzima. Tatu, ni bei ya nani? Hoteli nyingi huwa na bei ya raia na wakaazi wa Kenya, na bei nyingine ya wageni. Baadhi hutoa nafuu kwa watu wa Afrika Mashariki, lakini uombe, hawakupigii simu kukupa. Bebeni vitambulisho vya watu wazima wote, si cha aliyelipa peke yake. Shemeji aliyekuja kutoka ng'ambo na pasipoti ya kigeni anaweza kuongezewa tofauti pale pale mapokezi, na huo si wakati mzuri wa kuanza hesabu.

Watoto nao: kila hoteli ina mpaka wake wa umri wa mtoto kulala bure au nusu bei. Sema umri wa kweli. Kijana mwenye ndevu anayetambulishwa kama wa miaka kumi na moja huwafurahisha wahudumu tu.

Nikitumiwa namba ya M-Pesa nilipe amana, ni salama?

Kama ni namba ya simu ya mtu, hapana. Kurasa bandia za hoteli za Mombasa zipo, zina picha zilizoibwa na lugha tamu, na hushamiri Desemba. Tafuta namba ya simu ya mapokezi mwenyewe, usitumie ile uliyopewa kwenye ukurasa huo. Piga, uliza kama wanakujua. Kisha lipa kwa Paybill au Till ya hoteli, yaani namba ya malipo ya biashara, na kabla hujathibitisha soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa jina la mtu badala ya kampuni, simamisha. Atakayekuharakisha kwamba "chumba kimebaki kimoja" amekwisha kukujibu.

Kwa nini picha zinaonyesha bahari na tulipofika tulikuta matope na mawe?

Mlifika maji yamekupwa. Hili huwaudhi sana watu wa bara, hasa waliolipia chumba kinachotazama bahari, na laiti wangeambiwa mapema lingewafaa badala ya kuwakera.

Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Na bamvua ya Mombasa ina saa zake: maji hupwa kabisa asubuhi kati ya saa nne na saa tano, halafu hujaa alasiri, saa kumi kuelekea saa kumi na moja. Juma linalofuata ni maji mafu, na mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi, hupwa jioni, ila hayaendi mbali. Katikati ya hapo, kila siku saa husogea mbele kwa takriban dakika 50.

Kwa hiyo tazama kalenda ya Kiislamu iliyoko ukutani kabla ya kupanga siku. Tarehe 1 na 15 za mwezi wa Hijria na siku zinazozifuata, asubuhi haina bahari ya kuogelea. Asubuhi hiyo ndiyo ya kwenda Wild Waters au Haller Park. Rudini saa tisa mkute maji yamefika ukutani. Juma la maji mafu fanyeni kinyume: ogeleeni asubuhi, tokeni mchana. Nikiwa na mteja anayechagua kati ya nyota nne na nyota tano, humwuliza kwanza anakuja tarehe ngapi, maana mwezi utamharibia au kumtengenezea likizo kuliko hiyo nyota moja ya ziada.

Maji yakipwa si hasara tupu. Vidimbwi hubaki kwenye mwamba, na ndani yake kuna viti vya pweza, kaa wadogo na samaki wa rangi walionaswa mpaka maji yarudi. Vaeni viatu vya mpira vya kufunga, kwa sababu kuna viumbe wa miiba mirefu myeusi wanaokaa kwenye mashimo, na mwiba wake ukivunjikia unyayoni, likizo imeishia kitandani. Msikanyage matumbawe, msiondoke na kombe. Mbele ya Nyali na Bamburi ni hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1986, chini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Boti za kioo chini huingia humo, na kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali. Mwendesha boti akikuambia "nipe mimi tu keshi, nitamaliza huko," mwombe risiti.

Siku ya Wild Waters tuipange vipi?

Pigeni simu siku moja kabla, muulize wamefungua saa ngapi na telezi zipi zinafanya kazi. Siku za katikati ya juma watu wakiwa wachache huenda zisiwashwe zote. Fikeni mapema, kwa sababu saa saba mchana ngazi za telezi zinaunguza nyayo. Mtoto atapimwa urefu kabla ya telezi kubwa, basi mpimeni nyumbani ili kilio kiishie huko. Chakula kutoka nje aghalabu hakiruhusiwi langoni. Waliokodi gari wasimruhusu dereva aende "kurudi saa kumi" bila kukubaliana bei ya kurudi.

Watoto wa chini ya miaka mitano, kusema kweli, bwawa la watoto la hoteli linawatosha kabisa.

Haller Park inafaa kwenda, au ni bustani ya wanyama tu?

Inafaa, na ningeiweka mbele ya vyote nilivyotaja, lakini mwambieni mtoto kwanza alipo. Pale palikuwa shimo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilichimba mawe ya matumbawe kwa miaka, kikaacha jangwa jeupe lenye chumvi. Mwaka 1971 Mswisi mmoja mtaalamu wa kilimo, René Haller, alianza kupanda miti humo. Kati ya aina 26 alizojaribu, 3 tu ndizo zilizokubali, mvinje ukiwa mmojawapo na mnazi mwingine. Mvinje ulistawi, lakini majani yake yalianguka na kulala tu chini bila kuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Aliyeiokoa kazi hiyo ni jongoo. Jongoo wa miguu myekundu waliletwa, wakayatafuna yale majani, na kinyesi chao ndicho kilichokuwa mboji ya mwanzo ya msitu mnaoupita leo. Waonyesheni watoto jongoo akivuka njia, maana ukimwacha mtoto mwenyewe atamtazama twiga tu.

Twiga nao wana haki ya kutazamwa. Kuna jukwaa la kuwalishia. Mtoto hunyoosha kiganja chenye vidonge vya chakula, na ulimi mweusi, mrefu, wa kukwaruza kama msasa unakuja kuvizoa vyote mara moja na kuacha mate mpaka kwenye kiwiko. Hulishwa kwa saa maalumu, asubuhi na alasiri, basi ulizeni getini kabla ya kuanza kuzunguka. Ni hapa pia alipoletwa Owen, kiboko mchanga aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaenda kujibanza kwa kobe mkongwe wa Aldabra aliyeitwa Mzee kana kwamba ni mama yake. Habari yao ilizunguka dunia nzima.

Saa mbili au tatu zinatosha. Bebeni maji na dawa ya mbu, chini ya mvinje mbu hawasubiri jioni.

Naruhusiwa kuingia bwawani na nguo za stara?

Kwa hoteli nyingi na kwa Wild Waters pia, cha kutazamwa ni kitambaa. Vazi la stara lililoshonwa kwa kitambaa cha kuogelea, lenye kofia na mikono mirefu, linakubalika sehemu nyingi. Dira, leso, buibui au fulana ya pamba halikubaliki, kwa sababu pamba hulegea, huziba chujio na inaweza kumnasa mtu kwenye telezi. Lakini yapo mabwawa ambayo walinzi wake wana sheria zao za kichwani. Tuma picha ya vazi lako kwa mapokezi kabla ya kulipa, upate jibu la maandishi, na jibu hilo ulibebe kwenye simu.

Nyama ni halali? Na kusali je?

Hoteli nyingi za Mombasa hutumia nyama halali, lakini nyingine hupika nguruwe jikoni humo humo kwa ajili ya wageni wa Ulaya. Ulizia vyombo, usiulizie nyama peke yake. Ramadhani mwambieni meneja siku mnayofika kwamba mtahitaji daku. Zipo zitakazokuandalia sahani, na zipo zitakazokupa ndizi na chai ya jana, basi ni vizuri kujua mapema.

Kibla ni rahisi kuliko mnavyodhani. Makka iko kaskazini yetu karibu moja kwa moja, na bahari iko mashariki. Simama uelekee bahari, geuka kushoto.

Kunguru na tumbili ni kero kweli?

Kunguru ni kero. Ni wale wenye shingo ya kijivu, walioletwa kutoka Bara Hindi, na wamezisoma hoteli kuliko sisi. Ukiamka kwenda kuongeza juisi, mkate wako umeondoka. Utamwona mfanyakazi akizunguka meza na manati isiyo na jiwe; anaivuta tu, nao wanapaa. Tumbili hufika zaidi upande wa Shanzu na kwenye hoteli zenye miti mikubwa. Fungeni mlango wa roshani, msiwalishe, na msimwache mtoto akila ndizi peke yake nje.

Mbona sabuni haitoi povu?

Maji ni ya kisima na yana chumvi. Mombasa ina uhaba wa maji matamu, na hoteli nyingi hujitegemea. Ya kunywa ni ya chupa, muulize mnapewa chupa ngapi kwa siku. Nywele zitakuwa ngumu, bebeni mafuta.

Vijana wa ufuoni watatusumbua?

Watawafuata, ndiyo. Mtauziwa shanga, safari ya boti, ngamia, kinyago kidogo cha mti chenye jina la mtoto wenu mliyemtaja kwa bahati mbaya. Wengi wanatafuta riziki yao kwa adabu, na Kiswahili hapa ndicho ngao: "Shukrani kaka, leo hapana" ikisemwa kwa utulivu inatosha. Kuwapita kama hawapo ndiko kunakoleta maneno. Ukipenda kitu, bei ya kwanza ni ya kuanzia mazungumzo. Usiku msitembee ufuoni mbali na hoteli, hilo sina mzaha nalo.

Msimu gani ni mzuri?

Januari mpaka Machi, kaskazi ikivuma: jua kali, bahari tulivu, na baada ya sikukuu bei hushuka kidogo. Aprili huingia kusi na mvua ya masika. Mei ndiyo huwa na mvua nyingi zaidi, na ndiyo huwa na bei ya chini zaidi, chagueni wenyewe. Agosti ni baridi kwa kipimo chetu, upepo mwingi, bahari chafu kidogo, lakini shule zimefungwa kwa hiyo hujaa. Desemba weka nafasi mapema au ukae kwa shangazi.

Treni au basi?

Kutoka Nairobi, treni, kama utapata tikiti. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na la kwanza 4,500. Stesheni iko Miritini, si mjini, na kutoka hapo mpaka Bamburi msongamano unaweza kula zaidi ya saa moja. Agizeni gari kabla hamjashuka, maana madereva wa langoni husoma ukubwa wa mizigo yenu na kupandisha bei papo hapo. Wanaotoka Tanga na Dar kwa basi hupita mpaka wa Lungalunga. Pasipoti msisahau.

Tunatakiwa kutoka chumbani saa nne asubuhi na treni yetu ni ya usiku. Tufanye nini?

Ulizeni usiku wa kuamkia siku ya kuondoka, si asubuhi yenyewe. Hoteli ikiwa haijajaa huwaongezea saa mbili bure ukimwomba meneja kwa upole. Ikiwa imejaa, mizigo itakaa stoo ya mapokezi, mtaendelea kutumia bwawa, na karibu kila hoteli ina bafu la wageni wanaoondoka, ingawa hawalitangazi. Wekeni nguo za safari na taulo moja kwenye begi dogo la juu kabla ya kukabidhi mizigo. Wenye kulipia milo wakumbuke kwamba malipo yao kwa kawaida huishia kifungua kinywa, na chakula cha mchana cha siku hiyo kinalipiwa upya. Mimi ningechukua tuktuk mpaka barabarani, nikale biriani, nirudi kuoga.